Shati Lenye Gunzi: Maisha ya Marehemu Marko Samweli

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, viongozi wa Chama na wa kijiji, wakwe zetu, majirani wa hapa na mliotoka Vidunda, Kilosa na Kimamba, mimi ni Timotheo Samweli, mwalimu wa shule ya msingi kule Kilosa, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma nisimame mbele yenu leo Jumanne tarehe 17 Agosti 1976 niwasomee maisha ya ndugu yetu Marko Samweli kabla hatujamfikisha kaburini. Historia hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja, safi, yenye tarehe zote, ila ilikuwa na uongo ndani yake, nikaichana. Mnajua kwamba tangu Jumapili shemeji yangu Selestina, mjane wa marehemu, analia akisema ni yeye aliyesahau kulifunga shati la kulalia katika mfuko wa mumewe, na kwamba kwa kusahau huko amemuua, na wengi mmemwambia ayapokee mapenzi ya Mungu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hakusahau, kwa sababu hamjui. Mimi najua, na ninamwomba shemeji anivumilie hadi mwisho wa karatasi hizi.

Marehemu Marko alizaliwa tarehe 11 Machi 1930 huko Vidunda, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Samweli na marehemu mama yetu Teresia, na mimi nikamfuata mwaka 1934, hatukuwa na wengine. Tangu utotoni alikoroma kuliko baba, mkoromo mzito unaopanda taratibu, ukifika juu unakatika ghafla, nyumba nzima inakaa kimya ikisubiri, kisha anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na mkoromo unaanza upya. Mama hakuwa na jina la ugonjwa huo, ila aliogopa ule ukimya, na mwaka 1940 nilipokuwa na miaka sita alinihamishia kitanda cha kamba alicholala Marko, akanipa kazi kwa maneno ambayo sijayasahau, akasema, "Akikoroma, lala. Akinyamaza, mguse." Nikajifunza mwenyewe namna ya kumgusa, vidole viwili begani, mara tatu, polepole, naye anageuka ubavu wa kulia, anapumua, wala haamki. Kwa mgeni ni jambo dogo, lakini mimi lilinijaza kiburi ambacho hakijanitoka, kwamba kaka yangu mkubwa, mwenye nguvu za kunibeba na mzigo wa kuni juu yake, alikuwa anaishi kwa vidole vyangu viwili.

Elimu yake aliianza mwaka 1939 katika shule ya misheni Vidunda, akamaliza darasa la nne mwaka 1943, kisha akasoma shule ya kati hadi mwaka 1947. Alikuwa na akili, ila alisinzia darasani, alisinzia kanisani, alisinzia akiwa amesimama mstarini na jembe mkononi, alichapwa viboko visivyo na idadi kwa uvivu, na wenzake walimpa jina la Kinu kwa sababu ya ule mkoromo wa kutwanga. Mimi nilipigana na watatu kwa ajili ya jina hilo, ingawa nikiwa nyumbani nilimwita hivyo mwenyewe, maana niliona kwamba mwenye haki ya kumtania ni yule anayekesha naye.

Kazi yake ya kwanza aliipata tarehe 2 Mei 1949 katika shamba moja la mkonge huko Kimamba, akiwa karani wa kuhesabu mafungu, na mwaka uliofuata nilimfuata huko kwa kisingizio cha shule, tukaishi chumba kimoja kambini, watu wa chumba cha pili wakawa wanagonga ukuta na mimi ninagonga bega. Mwezi Oktoba 1953 msimamizi alimkuta amelala juu ya daftari saa nne asubuhi, akafukuzwa. Alirudi kulima mlimani, nami nilipomaliza mafunzo ya ualimu na kupangiwa Kilosa mwaka 1955 nilimwita, tukakaa pamoja mtaa wa Magomeni hukohuko Kilosa, yeye akiuza mahindi na maharage ya Vidunda, mimi nikifundisha. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 tulisimama wote wawili uwanjani tukingoja bendera yetu ipande, na saa sita ilipofika watu wakapiga vigelegele, Marko alikuwa amelala wima begani kwangu. Kesho yake nilimsimulia kila kitu, kamba ilivyokwama kidogo, mzee mmoja alivyovua kofia, na kwa miaka mingi nilimsikia akiwasimulia wengine kana kwamba aliona. Wengine wangechukia kusikia jambo lao likisimuliwa na mtu mwingine, lakini mimi nilifurahi, uhuru aliuona kwa macho yangu.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa naomba wakwe zetu wanisamehe. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Selestina tarehe 21 Julai 1962, siku ya Jumamosi, katika kanisa letu la Vidunda. Katika ukoo wetu kuna desturi kwamba wiki moja kabla ya harusi ndugu mmoja wa bwana harusi huenda kwa wakwe kuwafunulia siri ya mwili wa ndugu yake, kama ana kifafa, kama ana kidonda kisichopona, ili binti asiingie ndani akiwa gizani. Nilitumwa mimi. Niliketi, nikapewa chai, nikasema kwamba kaka yangu ana kovu la moto pajani na kwamba hali samaki, basi. Pumzi sikuitaja. Nilijiambia nimesahau, lakini mtu hasahau kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili, niliinyima kinywa changu kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimemwona huyo binti, mzuri, mcheshi, anacheka na kaka yangu kama watu waliofahamiana tangu tumboni, na nikawaza, kama anamtaka basi amjue mwenyewe, mimi hakuna aliyenifundisha.

Usiku wa kwanza Selestina alisikia kimya, akadhani mume amekufa, akapiga yowe, na ukoo mzima ukajaa uani na mienge, bwana harusi akatoka amejifunga shuka anauliza kuna moto wapi. Watu walicheka hadi asubuhi, bibi harusi hakuweza kuinua uso kwa siku tatu. Mimi nilisimama nyuma ya ghala nikifurahi. Nalisema wazi mbele ya jeneza, nilifurahi.

Lakini shemeji hakukimbia. Tangu hapo walikaa Vidunda, wakajaliwa watoto watatu, Costancia aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1963, Cornel tarehe 19 Januari 1966, na Domina tarehe 30 Septemba 1970, na mimi nikabaki Kilosa katika nyumba yenye utulivu ulioninyima usingizi. Nilimwoa Magreti mwaka 1964, mke mwema, ambaye analala kimya kabisa, na mwaka wa kwanza nilimwamsha mara nyingi kumwuliza kama yu hai, hadi akanitishia kurudi kwao. Kila nilipopanda mlimani nilimwuliza Marko analalaje, naye alijibu kwamba Selestina yupo. Jibu hilo liliniuma kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mwezi Septemba 1974 familia yake pamoja na nyingine nyingi ziliteremka kutoka mlimani kuja kuishi katika kijiji hiki cha ujamaa, upande huu wa Mikumi, na kwa kuwa alijua kusoma, kuandika na kusema na watu bila kuwagombeza, wanakijiji walimchagua kuwa katibu wao. Ndipo ugonjwa ulipomfikisha pabaya. Tarehe 5 Februari 1975, siku ya kukumbuka Azimio, mgeni alikuja kuhutubia, na katikati ya hotuba juu ya kazi na kupambana na uvivu katibu wa kijiji alikoroma mbele ya watu mia tatu. Mgeni alinyamaza, Marko hakunyamaza. Iliandikwa kwamba katibu ni mzembe na huenda anabeza siasa yetu, wapo waliomwita kupe, na kijiji kikampa miezi mitatu alete uthibitisho kwamba ni mgonjwa, la sivyo aondolewe na jina lake lisomwe mkutanoni. Mtu aliyekuwa wa kwanza kufika shamba la ujamaa na wa mwisho kuondoka alianza kutembea akitazama chini.

Tulimpeleka hospitali moja ya misheni mwezi Aprili 1975, Selestina na mimi, kila mmoja akimshika mkono mmoja kama watoto wanaogombania kitu. Daktari Mathayo alimpima moyo, damu na koo, akasema anachotaka kukiona hakionekani mchana, mgonjwa alale pale siku tatu na mtu amwangalie tangu anafumba macho hadi anaamka, akiandika kila kitu. Nilisema ni mimi. Shemeji akasema ni yeye. Daktari alitutazama, akasema, "Ninyi mkiona pumzi imekatika mtamwokoa. Mimi nataka mtu atakayehesabu." Akamweka muuguzi mmoja, Letisia, ambaye yupo hapa leo, bibi mwenye saa iliyobanwa kifuani kwa pini, kandili iliyofunikwa upande na daftari la mistari. Nilimchukia kabla hajaketi.

Usiku wa tarehe 7, 8 na 9 Aprili alilala humo ndani, na sisi wawili tuliketi kwenye benchi la barazani chini ya dirisha lake. Mkoromo ukipanda tulitulia, ukikatika tulisimama pamoja, bila kupatana, na Letisia akainua kidole kututuliza, macho yake yakiwa kwenye saa. Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile, kumsikia ndugu yako anakosa hewa na kukatazwa kunyoosha vidole viwili. Usiku wa pili shemeji alinieleza namna yeye alivyofanya miaka yote kumi na mitatu, kwamba alilala na kiganja juu ya kifua cha mumewe, kifua kikisimama yeye anazinduka, anamsukuma, kisha wote wanaendelea kulala. Mimi ilinipasa kukesha, na mkono wake uliweza kumlinda hata yeye mwenyewe akiwa usingizini, mchana akaamka akalima. Akaniuliza nami nilikuwa nafanyaje utotoni, nikamjibu sikumbuki vizuri.

Asubuhi ya tarehe 10 daktari alitusomea daftari. Usiku alioachwa alale chali pumzi ilikatika mara mia mbili na tatu, na mara nyingine hadi nusu dakika nzima. Usiku aliowekewa mito alale ubavu ilikatika mara kumi na tisa. Akatueleza kwamba nyama ya nyuma ya koo hulegea usingizini, akilala chali inashuka na kuziba njia ya hewa, mwili unastuka kutafuta pumzi bila yeye kujua, na kwa sababu ya kustuka mara mia mbili mtu huyo hajawahi kulala usiku mmoja kamili tangu azaliwe, ndiyo maana mchana usingizi unamdai, si uvivu wala dharau. Marko alilia aliposikia neno hilo, si uvivu, akamwomba daktari alirudie. Mimi nililia pia, ila kwa sababu nyingine, nilikuwa nimeyabeba yale yote kichwani mwangu tangu 1940, na leo yalikuwa katika mwandiko wa mwanamke aliyemfahamu kwa siku tatu.

Matibabu yalikuwa haya, apunguze mwili, aache pombe jioni, kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali mawili, na shati la kulalia lishonewe mfuko mgongoni, katikati ya mabega, ndani ya mfuko litiwe gunzi la muhindi, ili kila akigeuka chali limchome na kumrudisha ubavu. Mimi nilidhani daktari anatutania. Selestina alilishona lile shati siku tuliyofika nyumbani, kitambaa cha marekani, uzi maradufu, akachagua gunzi mwenyewe kwa kulibana mgongoni mwake kwanza.

Likafanya kazi. Ndugu wafiwa, mwezi mmoja haukupita, Marko akaamka. Barua ya daktari ilisomwa mkutanoni tarehe 4 Mei 1975, kijiji kikamwomba radhi na kumwacha katika uongozi wake, naye akaongoza hadi mwisho, mnajua wenyewe ghala lililojengwa na mfereji ulioteremshwa. Kwa mara ya kwanza nilimfahamu kaka yangu akiwa macho, ana miaka arobaini na mitano, kumbe ni mbishi, kumbe anajua nyimbo, kumbe anakumbuka kila neno, na huyo mtu mpya alikuwa wa kila mtu, wa kijiji, wa mkewe, wa wanawe, hata Letisia alipelekewa debe la mahindi baada ya mavuno. Alikuwa akiwaambia watu kwamba anao wake wawili, Selestina na gunzi, watu wakacheka. Sikucheka. Nilimwonea wivu mke wake kwa miaka kumi na mitatu, nilimwonea wivu muuguzi kwa siku tatu, na mwishowe, mwalimu mzima mwenye cheti, nikalionea wivu gunzi.

Sasa ugonjwa wa mwisho na kifo. Marehemu hakuugua. Ijumaa tarehe 13 Agosti 1976 alikuja Kilosa kufuatilia cheti cha kuandikishwa kwa kijiji, akafikia kwangu Magomeni, na Magreti alikuwa amekwenda kwao. Ijumaa alilala na shati lake, akalala vizuri, nami chumba cha pili nilisikiliza hadi nikachoka, hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Jumamosi alipata cheti, akarudi amefurahi, tukala, tukasimuliana habari za Kimamba, na alipolitoa shati mfukoni nilimnyang'anya mkononi. Nikamwambia, "Hapa hulali na gunzi, kaka. Hapa unalala na mimi." Nadhani siku hiyo alielewa mambo ambayo sikuwahi kumwambia, akatabasamu, akasema, "Haya, mdogo wangu. Zamu yako."

Nilililaza shati sandukuni mwangu. Tukalala kitanda kimoja, watu wazima wawili, kama zamani, na mkoromo ukapanda, ukakatika, nikamgonga begani mara tatu kwa vidole viwili, akageuka, akapumua. Hakuwa amesahau. Ikawa hivyo mara ya pili, mara ya nne, mara ya kumi, na raha niliyoisikia siwezi kuisimulia mbele ya kanisa, nilikuwa nimerudishiwa changu. Na kwa raha hiyo nikalala. Nililala usingizi mzito ambao sikuupata tangu 1962, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeingia dirishani, tarehe 15 Agosti 1976, siku ya Jumapili, kaka yangu alikuwa chali, na bega nililoligusa lilikuwa baridi.

Daktari aliyeitwa aliandika kwamba ni moyo. Mfuko ulirudishwa kwa mjane bila shati, kwa sababu shati lilikuwa bado sandukuni, na nilimsikia akijilaumu, nikanyamaza siku mbili. Shemeji Selestina, hukusahau. Ulilifunga vizuri, juu kabisa ya nguo nyingine, na gunzi ndani yake lilikuwa jipya. Aliyelitoa ni mimi. Magreti analo hapa, nimemwomba akuletee sasa hivi, na ukilipokea au ukilikataa nitajua nimestahili. Na jambo ulilopaswa kuambiwa mwaka 1962 juu ya kikombe cha chai, na tena barazani ukaniuliza mwenyewe, nalisema leo, vidole viwili, begani, mara tatu, polepole.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, na mdogo mmoja. Kwa niaba ya ukoo namshukuru Daktari Mathayo, aliyemwondolea ndugu yetu jina la mvivu akiwa bado hai wa kulisikia, namshukuru Bibi Letisia, ambaye hakumpenda wala kumchukia bali alimhesabia pumzi zake kwa haki, na ninamwomba radhi kwa salamu nilizokuwa nikimnyima, nawashukuru majirani wa Magomeni waliofika kabla sijajua la kufanya, walimu wenzangu waliotafuta lori, viongozi na wanakijiji hawa waliochimba kaburi tangu alfajiri, na wakwe zetu, ambao wana haki ya kuniita kikaoni baada ya mazishi, nitakuja.

Limebaki neno moja. Jana shemeji aliomba mumewe alazwe ubavu ndani ya jeneza, nami nilikataa mbele ya wazee, nikasema kanisani kwetu mtu huzikwa chali, na kila mtu akanisikiliza kwa sababu mimi ni mwalimu. Haikuwa habari ya kanisa, Mchungaji amekwisha kuniambia kwamba hana kizuizi, ulikuwa wivu ule ule. Kwa hiyo kabla ya kufunga naomba fundi wa jeneza asubiri, Marko ageuzwe ubavu wa kulia, na anayemgeuza awe Selestina. Kaka Marko, zamu yangu niliilala, yeye hakuwahi kuilala yake, pumzika kwa amani katika mkono wake.